Nyumba ya Mbao na Watu wa Wifi Yangu

Nilipokuwa nikipanga gharama za nyumba yangu ya mbao, adui niliyemwogopa kuliko wote alikuwa mchwa. Nilitenga fedha za dawa ya kupaka nguzo hata kabla sijafikiria milango. Yakafuata mawe ya msingi, saruji kidogo ya kuyashikanisha, misumari, bati, kibali cha kuvuna miti, ujira wa wapasuaji na malipo ya fundi seremala. Miti yenyewe ilikuwa imesimama ng'ambo ya bonde, mipaina na mikaratusi aliyoipanda marehemu baba, ambayo mimi na mdogo wangu tuligawana bila ugomvi. Kupandisha matofali ya nyumba nzima kutoka Same hadi kwenye kiwanja chetu juu ya Gonja kungenifilisi. Majirani walicheka kwamba mwalimu anajenga banda la kuku. Niliwaacha wacheke. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba mbao iliyokauka vizuri na kuinuliwa juu ya msingi wa mawe huwazika waliokuwa wakiicheka.

Palibaki kazi moja ambayo sikuitengea hata shilingi. Gari lingeweza kuzifikisha mbao njiapanda ya chini tu. Kutoka pale hadi kiwanjani ni njia ya miguu, na mwinuko wake unamlazimisha hata mbuzi apumzike. Hapo niliandika neno moja: msaragambo. Kwetu Upare hiyo ni kazi ya wote. Tangazo hutolewa baada ya ibada, watu huja Jumamosi na mabega yao, mwenye shughuli hupika makande, na hakuna anayelipwa. Niliamini nina haki nayo kama mtu mwenye akiba benki. Miaka yote niliyofundisha Same, hakuna msiba, harusi wala paa la kanisa lililopita kijijini bila mchango wangu. Nilituma kwa simu siku ileile ya taarifa, na nilituma zaidi ya nilichoombwa.

Nyumba ile niliijenga kwa ajili ya mama. Ukuta wa nyumba yake ya zamani ulikuwa umepasuka upande wa mlimani, na ufa ulipanuka kila msimu. Kiangazi kile, akiwa kwenye kigoda chake anachambua maharage, alinipa uamuzi wake kwa utulivu wa mtu anayeagiza chumvi.

"Vuli ikianza nitalala penye ukavu. Kwako kukiwa kukavu, nitalala kwako. Kusipokuwa, nitashuka kwa mwanangu."

Mwanangu huyo hakuwa mdogo wangu, ambaye ni dereva wa lori na huonekana nyumbani kwa nadra. Alikuwa mke wake.

Wifi yangu amezaliwa tambarare, katika familia ya wafugaji. Alipoletwa kwetu hakujua kupalilia tangawizi wala kutembea kwenye mteremko bila kuteleza. Leo anasema Chasu, lugha yetu Wapare, vizuri kuliko mimi, kwa kuwa mimi nilipelekwa shule ya bweni nikiwa mdogo na lugha ya mama yangu ikanibakia nusu. Yeye na mama hukaa jikoni wakicheka kwa maneno ninayoyapata vipande vipande. Nikiuliza kilichowachekesha, wanageukia Kiswahili kwa adabu, na kicheko kinaishia hapo. Tangu kipaimara tulifundishwa kutotamani nyumba ya jirani, na nyumba ya wifi sikuitamani kamwe. Ni ya vyumba viwili, ya matofali ya kuchoma, na dirisha lake moja halifungi. Nilichokitamani ni ile sauti ya mama anapomwita.

Siku ya msaragambo wangu, nikiwa likizoni, nilifika njiapanda mapema. Mbao zilikuwa zimepangwa vizuri, na masufuria ya makande yalikuwa yanachemka kiwanjani kwa watu hamsini. Wakaja wajomba, wazee wa kanisa wachache, na jirani yetu mmoja, mama mtu mzima mwenye mdomo usiolala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Leo umekuja mwenyewe, au umejituma kwa simu?"

Wajomba wakaangalia chini ili wasicheke mbele yangu. Nikamuuliza, kwa sauti ninayoitumia darasani, kama kuna mchango wowote ambao kijiji hakikuupata kutoka kwangu.

"Yote tuliipata. Siku tunampandisha mama mkwe wangu makaburini, tope lilikuwa la magotini. Bega lililokuwa mbele yangu chini ya jeneza lilikuwa la wifi yako. Hela yako iliingia tukiwa tumeshafika juu."

"Hela hiyo ndiyo iliyonunua jeneza."

"Ndiyo, mwanangu. Na tulikushukuru. Si tulikutumia ujumbe?"

Akajitwika ubao mmoja, akapanda, akashuka, akala makande yake, akaaga. Hadi jioni rundo lilikuwa halijapungua kwa kiasi cha kuonekana. Makande mengi tuliwapa ng'ombe wa mjomba.

Bado nasimamia nililolisimamia siku ile. Fedha ya halali ni jasho la mtu, na anayeitoa ametoa sehemu ya maisha yake. Lakini hoja haipandishi mbao mlimani. Nilitafuta wabebaji wa kulipwa. Bei waliyotaja ilikuwa ya kumlipisha mgeni, na fedha zangu zilikuwa zimekwishageuka bati. Mawingu yalianza kukaa juu ya kilele cha Shengena kuanzia mchana. Mbao zikilowa pale chini zingepinda, na fundi alikuwa ameniambia wazi kwamba hatasimamisha fremu kwa mbao zilizopinda. Mwaka uliotangulia wifi alikuwa ameezeka jiko lake kwa siku moja. Hakuwa na makadirio yoyote. Alitangaza tu, kijiji kikaja, na hata misumari iliyopungua ililetwa na watu mifukoni mwao. Nililikumbuka jiko lile kila nilipoyapitia mahesabu yangu, na kila nilipolikumbuka nililiona limekaa upande.

Walimu wa maadili hutenganisha wivu na husuda. Mwenye wivu hutaka apate naye; mwenye husuda hutaka mwenzake akose. Nimelifundisha somo hilo miaka mingi nikidhani mpaka kati ya hayo mawili ni ukuta. Wiki ile niliuvuka na kurudi mara nyingi, na sikuona hata kizingiti.

Jioni ya Jumatano wifi alinikuta njiapanda nikifunika mbao kwa turubai. Akaishika ncha ya pili bila kuombwa.

"Wifi, niache niwaite watu mimi," akasema.

"Uwaite kwa jina la nani?"

"Kwa jina langu. Watakuja kunibebea mimi, mzigo nitawaonyesha pa kuutua."

"Na mama je? Nyumba hii isipokamilika, anakuja kwako."

"Najua."

"Sasa unapata nini?"

Akacheka kidogo. "Wifi, na wewe! Mvua inakuja. Vuta huko, turubai linapepea."

Niliutafuta ubaya wake usiku kucha kwa bidii niliyozoea kutafutia makosa kwenye insha za wanafunzi. Labda alitaka kunidhalilisha. Labda alichoka kumtunza mama na alitaka anikabidhi mzigo. Hakuna dhana iliyosimama, na hilo liliniudhi kuliko kama ingesimama. Kukataa kungelinda heshima yangu na kumpeleka mama kwake. Kukubali kungemleta mama kwangu kwa mikono ya watu wa wifi. Alfajiri nilimtumia ujumbe wa neno moja: waite.

Jumamosi mteremko ulijaa. Wanaume walipandisha nguzo wawiliwawili mabegani, wanawake walibeba mbao juu ya ngata, na wimbo ulitoka njiapanda hadi kiwanjani bila kukatika. Wifi ndiye aliyeuanzisha. Kiitikio nilikijua, mashairi yalinipita. Nilikaa kando ya sufuria nikikoroga makande, moshi ukanipa kisingizio cha macho kuwa mekundu. Kabla ya saa sita rundo lilikuwa limehamia juu lote. Fundi alizifunga fremu za kuta zikiwa chini, kisha watu wakazivuta kwa kamba na kuzisukuma kwa mabega mpaka zikasimama moja baada ya nyingine. Fremu ya mwisho iliposhika, vigelegele vilipigwa, na waliopiga walikuwa wamemgeukia yeye.

"Umeona mwalimu?" jirani wa mdomo aliniambia huku akinyoosha sahani yake. "Banda lako limesimama. Ongeza maharage."

Nikaongeza. Fundi akamuuliza wifi mlango wa mbele utazame wapi. Wifi akamjibu, "Mwenye nyumba yuko pale," akaninyooshea kidole. Jibu lilikuwa sahihi, na nilimchukia kwa usahihi wake.

Bati zilimalizika kupigiliwa siku chache kabla ya mvua kubwa ya kwanza. Mama alihama na godoro lake, kigoda chake na sufuria moja. Akapapasa ukuta, akanusa paina, akasema panafaa. Nilikuwa nimeshinda. Jumapili jioni nilipanda gari kurudi Same, kwa sababu Jumatatu shule ilikuwa inafunguliwa, na mshahara uliojenga nyumba ile unalipwa kwa mtu anayekuwepo kazini.

Hilo ndilo sikulifikiria katika mipango yangu yote. Mama hawezi tena kulala peke yake. Nilipopendekeza tutafute msichana wa kazi, alinijibu kwenye simu kwa mshangao wa kweli: "Msichana wa nini, na mwanangu yupo?" Tangu siku hiyo wifi hulala kwangu kuanzia Jumapili hadi Ijumaa. Nguo zake zimetundikwa kwenye misumari niliyonunua. Ameweka jiko la mkaa mahali nilipokusudia kuweka rafu ya vitabu, na ninakiri kwamba moshi hutoka vizuri zaidi pale.

Ijumaa iliyopita nilifika mvua ikinyesha. Kwa nje nilisikia vicheko vyao viwili juu ya kelele ya bati, kwa Chasu, vya haraka. Nilipobisha hodi vikanyamaza. Wifi akafungua, akapokea mkoba wangu, akanitandikia gunia nipanguse viatu.

"Karibu, wifi. Pita ndani, usilowe."

"Ahsante," nikasema, nikavua viatu vyangu mlangoni.