Sweta Yenye Vifungo vya Kike

Asubuhi nguo za marehemu mkewe zilipomwagwa kitandani ili zigawiwe, Mzee Vitanzi alikuwa na ombi moja tu. Alitaka ile sweta ya kijivu. Basi. Lakini sweta ilikuwa tayari mapajani mwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, anaikunja taratibu huku akivuta kamasi. Mtu atamnyang'anyaje mfiwa mwenzake?

Jina la Vitanzi alilipata forodhani alikozeekea. Kazi yake ilikuwa kuamua kila nguo inayoingia nchini ni ya fungu gani, itozwe ushuru wake. Robota likifunguliwa anachomoa fulana, anaivuta kidogo, anaikodolea macho kwa lenzi. Akiona vitanzi vya uzi vilivyoshikana, kama vya sweta, meza hii; akiona nyuzi zilizopishana, kama za shati, meza ile. Mawakala walimbembeleza, wakamchekea, wakamwita mjomba. Wapi! Sheria ni msumeno, aliwajibu, na hakuwa na muda wa kuongeza neno.

Ah, siku zile zilikuwa tamu! Ukumbi unanuka nguo mpya na dawa ya nondo, feni inajikokota darini, na jioni anarudi nyumbani kazi ingali mdomoni. Mkewe anakaanga viazi, binti yao yuko sakafuni na madaftari, naye anahubiri:

"Pale penye vifungo, kushoto ikilalia kulia, ya kiume. Kulia ikilalia kushoto, ya kike. Ukishindwa kabisa kujua ni ya nani, iweke kwa wanawake."

"Ndiyo zenu!" mkewe anadakia. "Mzigo ukikosa mwenyewe, tutwishwe sisi!"

Wakacheka hadi viazi vikaungua, wakavila hivyohivyo.

Mwaka huo mkewe akashika sindano, akamfumia sweta. Alipoimaliza, vifungo vilikuwa upande wa kike. Mke wa mtu wa forodha, jamani!

"Umekosea," mume akasema.

"Sijakosea."

"Nikienda nayo kazini watanicheka."

"Nani kakutuma uende nayo kazini? Vaa hapahapa."

Akawa anaivaa nyumbani tu, asubuhi za baridi. Miaka ya mwisho, ugonjwa ulipomkondesha mkewe, ndiye aliyejifunika nayo, na ndivyo ilivyochanganyika na nguo zake.

Sasa shemeji alikuwa anaitia kwenye mfuko wake wa nguo. Mzee akaona akizidi kunyamaza itamponyoka.

"Shemeji, samahani. Hiyo ni yangu."

Binti akaacha kukunja nguo. "Baba, si wewe uliyetufundisha? Kulia juu ya kushoto. Tazama vifungo."

Mchimba kisima hukiingia mwenyewe. Mzee alihisi uso unamwaka, maana binti alikuwa amesema kweli tupu, na kwa maneno ya mzee mwenyewe.

"Sikuwamalizia," akasema. "Umbo la nguo likionyesha wazi ni ya nani, vifungo havina neno. Hebu ivae, shemeji."

Shemeji akaivaa. Mikono ya sweta ikampita vidole, mabega yakamporomoka hadi karibu na viwiko.

"Mama mdogo, umo humo kweli?" binti akauliza, wakaangua kicheko wote, cha kwanza tangu msiba.

Shemeji akaivua, akaipangusa kwa kiganja. "Chukua, shemeji yangu. Dada alikupima wewe."

Mzee akaivaa palepale, akaanza kuifunga. Kifungo kikamteleza. Akajaribu tena, kikamponyoka tena. Vidole vilivyopekua nguo za dunia nzima vilikuwa vinapapasa tundu kama vya mtoto anayejifunza kuvaa.

"Vipi, Baba? Umesahau?" binti akauliza.

"Sijawahi kuifunga." Alisema huku bado akipapasa. "Mama yako aliviweka upande huu kusudi, akisimama mbele yangu viwe kwenye mkono wake wa kulia. Alikuwa akinifunga yeye, kuanzia juu kushuka chini, ndipo tunakunywa chai."

Kisha akaacha kujaribu. Akasimama na sweta yake wazi kifuani, akalia kwa sauti bila kujificha. Binti akanyoosha mkono amsaidie, akakishika kifungo cha juu, halafu akakiachia.