Kura ya Kuhamia Bara

Nakumbuka Jumapili moja hapa Granville, kitongoji chetu cha ugenini, mwanangu, na nikiikumbuka damu bado inanichemka. Sikiliza, hata kama utanijibu kwa Kiingereza.

Ofisi ya serikali ilikuwa inatafuta familia za kuhamia mji wa bara, mbali kabisa, ambako kiwanda cha nyama kilikosa wafanyakazi. Sisi tuliotoka kambi za wakimbizi tunajua hivi: ofisi ikiomba, imeamuru. Basi Papa Prezida, kiongozi wa chama chetu cha Wakongomani, akatuokotesha vikaratasi vya kura baada ya ibada. Chenye msalaba, cha kwenda, kikamwangukia binti yake mwenyewe.

Jioni akaniletea friji mpya.

"Mama Neema, wewe huna bwana, huna kazi ya kukushika hapa. Nenda badala ya binti yangu. Friji ni yako."

Ulikuwa bado unanyonya. Mnyonge hana haki, nikajisemea, nikaanza kufunga mizigo.

Jirani yetu Nyanya Vera, yule mzee wa Kirusi, akayakuta masanduku mlangoni. Nilipomweleza, akaketi juu ya sanduku moja, akakataa kuinuka.

"Sisi ni Wakosaki," akasema, "watu wa farasi na upanga. Mfalme wa Urusi alitaka watu wa kukaa mpakani mwake na China, vijiji vikapigishwa kura. Tajiri ikimwangukia, anamlipa maskini aende badala yake. Babu wa babu yangu alikwenda kwa malipo ya ng'ombe wawili. Watoto aliwazika njiani. Ng'ombe nao walikufa." Akanitazama. "Yeye hakuwa na njia ya kukataa. Wewe umeuliza?"

"Nimuulize nani, Nyanya? Serikali?"

"Ndiyo, serikali! Una mdomo, au una friji?"

Maneno yale yaliniuma, mwanangu. Dawa chungu ndiyo iponyayo.

Siku dada mmoja wa ofisi ile ya serikali alipokuja kwenye ukumbi wa chama, Papa Prezida alituonyesha kwa kidole kama mbuzi wa mnadani. Nikasimama, wewe mgongoni.

"Na nikikataa?"

"Kaa chini, utatuharibia!" Papa Prezida akanifokea.

Yule dada wa ofisi akashangaa. "Ukikataa, unabaki. Tunatafuta wanaopenda tu."

Halafu binti wa Papa Prezida akainuka nyuma.

"Mimi napenda, papa. Tangu mwanzo nilitaka kwenda. Hukuniuliza."

Alikwenda, na yuko huko mpaka leo. Friji baba yake aliirudia mwenyewe, wala sikumsaidia kuibeba.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Mkubwa akikutwika mzigo, kwanza uliza kama ni wako. Na siku wewe utakapokuwa mkubwa, usimpeleke mtu mahali, wala usimzuie, kabla hujasikia kinywa chake.

Mungu akupe miguu ya kwenda unakotaka, na sauti ya kukataa usikotaka. Amina.