Mzigo Mwepesi wa Chala

Fabian si mtu wa kulalamika, lakini asubuhi ile alilalamika tangu alipokuwa anafunga kamba za viatu. Goti la kulia lilikuwa limevimba. Mkewe Kornelia alimwambia abaki nyumbani apalilie migomba. Akajibu kwamba migomba haimlipi siku hiyohiyo, akaondoka.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpagazi mlimani. Goti lilipogoma akashuka, akapata kazi hii: kumbebea vifaa vya kuzamia Goodness, binti wa Machame anayehesabu samaki wa ziwa Chala. Ziwa lenyewe limekaa chini kabisa ndani ya shimo la volkano, na njia ya kuteremkia ni mwamba na mizizi. Kazi ni wiki mbili kwa mwaka. Asipoitwa mwakani, basi ndiyo imekwisha, maana kwa umri wake hakuna atakayemwajiri kubeba hata kikapu.

Gari lilipofika kutoka Moshi, Goodness alishuka akitabasamu.

"Shikamoo, Baba Hilda."

"Marahaba, mwanangu," Fabian aliitikia. "Umeniletea nini mwaka huu?"

"Vyepesi. Vyote vya titani, madini magumu kama chuma ila mepesi."

Akamwekea mkononi bamba la mgongoni, lile linaloshika mtungi wa hewa. La mwaka jana lilikuwa la chuma, likimkata bega. Hili lilikuwa kama sinia tupu. Kifaa cha kupumulia nacho kilikuwa chepesi, na kisu pia. Fabian aliguna kwa raha. Bei ya vyote, Goodness alimwambia, inanunua ng'ombe wawili wa maziwa.

"Na havishiki kutu," akaongeza.

"Chala ina chumvi?"

"Haina. Kutu ni shida ya baharini, kule Tanga. Hapa faida ni wepesi tu."

Fabian na Eliudi, mzamiaji mwenzake Goodness, waliteremsha mitungi kwanza, kila mmoja wake. Goodness akafuatana nao. Fabian akapanda tena peke yake kufuata begi, huku goti likiwaka moto. Akatoa mzani wake wa kuning'iniza, ambao haachani nao tangu enzi za mlimani, akalipima. Kilo ishirini na moja. Akapima tena. Sawasawa na mwaka jana, hata nusu haikupungua. Ng'ombe wawili wamekwenda wapi?

Akalifungua. Chini kabisa kulikuwa na mkanda wenye vipande vinne vya risasi, yale madini mazito ya kijivu. Mwaka jana havikuwapo. Mlimani sheria ni kilo ishirini. Zikizidi, kitu kinashushwa getini, na kinachoshushwa ni kile kisicho na kazi. Fabian hakuona kazi ya risasi. Akauweka mkanda chini ya kiti cha gari, akafunga mlango, akateremka akijisifu moyoni kwamba kwa mara ya kwanza ametumia akili badala ya goti.

Goodness alivaa, akaingia majini, akaelea. Akatoa hewa yote kifuani, akaelea vilevile, kama chupa tupu. Akageuka.

"Baba, mkanda uko wapi?"

Fabian alitamani ardhi immeze. Akasema kweli: uko garini, ameuacha kwa sababu mzigo ulizidi.

"Chuma kilikuwa kinanizamisha chenyewe," Goodness alisema, hakukasirika, na hilo lilimuuma zaidi. "Titani ni nyepesi mno, kwa hiyo uzito uliopungua mgongoni naurudisha kiunoni."

"Kwa hiyo mimi nabeba kilo zilezile."

"Nilinunua kwa ajili ya goti lako," Goodness alisema. "Nilikuona mwaka jana ukishuka kinyumenyume. Sikufikiria risasi."

Eliudi alisema ataufuata yeye. Fabian hakumsikiliza. Alipanda, akasimama mara saba, akaulaani mlima, mwamba, na kichwa chake mwenyewe. Alichoka uchovu ambao haumalizwi na usingizi. Alirudi na mkanda begani, akamkabidhi Goodness.

Samaki walihesabiwa. Jua lilipoanza kuelekea magharibi, waliopiga mbizi wakatoka, na Fabian akainama kufungasha. Alitafuta mkanda kwenye mawe, hakuuona. Goodness alikuwa bado ameuvaa juu ya nguo kavu.

"Ulete huku, niutie begini."

"Huu unatembea na mimi. Bamba la chuma lisingegawanyika, Baba. Hizi kilo mbili za risasi zinagawanyika."

"Mwenye mzigo akijibebea, mimi nitakuwa wa nini?"

"Wa zile kumi na tisa. Mwakani pia."

Akatangulia kupanda, vipande vinne vikigongana kiunoni. Fabian alibaki amelishika begi. Kwa miaka yote ile mlimani wageni walikuwa wamemsifu, wamempa makoti na viatu vyao vilivyochakaa, wamepiga naye picha. Hakuna aliyewahi kumpunguzia kilo mbili akazivaa mwenyewe. Machozi yalimjaa machoni, akasingizia jasho ingawa hapakuwa na wa kumwuliza. Kisha akalitia begi mgongoni, akaanza kupanda polepole, na goti lilimuuma vilevile.