Ijumaa Kumi na Moja za Fundi Kebo

Walimwita Kebo kwa sababu hakuonekana hata siku moja bila waya mfukoni. Alianza kama fundi redio kibandani kwa mjomba wake, akajifunza kompyuta kwa kuzifungua na kuzifunga, na alipotimiza miaka arobaini na mitatu alikuwa fundi wa kliniki ndogo inayofundisha watu kusema upya: watoto wenye kigugumizi, na watu wazima walionyang'anywa maneno na kiharusi. Kazi yake aliijua vizuri. Baadaye ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hakukosea kwa kutojua.

Mtaalamu wa kliniki, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kusomea, alikuwa akiwarekodi wagonjwa wake wote kwa picha na sauti, kila wanapokuja. Kila mgonjwa alikuwa na namba yake, na chini ya namba hiyo kulikuwa na safari yake nzima, tangu siku alipotoa mlio usioeleweka hadi siku alipoomba maji mwenyewe. Kila Ijumaa saa tisa alasiri Kebo alichukua diski ya nje, ndogo kama kitabu cha mfukoni, akaichomeka kwa waya wa USB na kunakili kila kitu, nakala mpya ikifunika ya zamani. Ikimalizika aliandika daftarini "Nakala imekamilika," akatia sahihi, na dada wa mapokezi akaifungia diski kabatini.

Kwa miaka miwili kazi hiyo ilichukua chini ya saa moja. Kisha vyumba vikapakwa rangi, meza zikatolewa na kurudishwa, na Ijumaa iliyofuata kompyuta ikasema imebaki saa tano.

Dada wa mapokezi ndiye aliyeliona kwanza, maana haondoki mpaka diski iwe kabatini. Alimwambia Kebo kwamba kuna kitu hakiko sawa, achunguze. Kebo akamjibu kwamba diski nayo imezeeka kama wao, ikipanda ngazi inapumzika katikati. Wakacheka, mambo yakaishia hapo.

Ukweli ni kwamba Ijumaa saa kumi na moja wenzake walikutana kwa kinyozi kucheza drafti, na Kebo ndiye aliyekuwa akiwafunga wote. Saa kumi na moja ilipofika, nakala haikuwa hata nusu. Akaikatisha. Alijiambia Jumatatu ataimalizia, akaandika "imekamilika" ili dada yule asikae akisubiri. Jumatatu kompyuta ilikuwa na kazi nyingine. Ijumaa ya pili alikatisha tena, na safari hii hakujiambia kitu. Ijumaa ya sita mkono ulikuwa umeshazoea, ukaandika kabla hajakaa sawasawa kitini.

Zilifika Ijumaa kumi na moja. Jumanne moja asubuhi kompyuta ya kliniki ilikwaruza kwa ndani mara mbili tatu, ikazima, isiwake tena.

Meneja wa kliniki hakushtuka, akasema ndiyo maana kuna nakala. Kebo akaichomeka diski kwenye kompyuta nyingine. Namba moja hadi thelathini na moja zilikuwa na kila kitu. Kuanzia thelathini na mbili, rekodi ziliishia wiki ile ya kupaka rangi. Kila Ijumaa nakala ilianza na namba moja, na kila Ijumaa ilikatwa karibu na palepale. Wa mbele walihifadhiwa mara kumi na moja, na wa nyuma hawakuhifadhiwa hata mara moja.

Meneja aliuliza nani hutunza diski. Akaulizwa dada wa mapokezi kama iliwahi kumponyoka mikononi. Alisema hapana. Meneja akamgeukia Kebo, akataka kujua kama diski ikianguka inaweza kupoteza baadhi ya vitu na kubakiza vingine.

"Inawezekana," Kebo alisema.

Neno moja tu. Na kweli huwezekana, kwa hiyo alijifariji kwamba hakusema uongo. Dada yule alimtazama, akingoja aendelee. Kebo akainama kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa. Siku ya pili dada alipewa barua ya onyo, akaiweka kwenye droo yake na kuendelea kupokea wagonjwa kwa sauti ileile. Alikuwa na desturi ya kumtilia Kebo chai saa nne, na wiki hiyo aliendelea kumtilia. Kebo aliiacha ipoe.

Kompyuta ilipowekewa diski mpya ndani, meneja aliagiza itafutwe sababu ya ule uzito wa kunakili, yasije yakajirudia. Kebo akachukua faili moja kubwa la kujaribia. Lilitumia dakika sita kufika kwenye diski ya nje. Akabadilisha waya: dakika sita tena. Waya hauna kosa. Kisha akafuata waya kwa macho kutoka kwenye diski mpaka unakochomekwa, na hapo akakumbuka. Siku ile ya rangi, kwa uvivu wa kuinama nyuma ya meza, aliuchomeka kwenye kile kidude chenye matundu manne kinachogawa tundu moja la USB, pamoja na kibodi na printa. Kilikuwa kidude cha zamani, cha mwendo wa zamani. Akauchomoa, akapiga magoti, akauchomeka moja kwa moja kwenye tundu la kasi, lile lenye ulimi wa buluu, nyuma ya kompyuta. Dakika moja.

Alibaki amepiga magoti kwenye vumbi. Uchunguzi wote haukutimiza robo saa. Mdharau mwiba, guu huota tende. Ila hapa mwiba ulikuwa wake, na lililoota tende ni guu la mwingine.

Hata hivyo hakusema. Alimwandikia meneja kwamba tatizo limepatikana na limerekebishwa, hakuandika ni la nani.

Alhamisi alikuwa mapokezi akitengeneza printa, akaja mke wa seremala. Seremala huyo alikuwa namba sitini na nne. Alikuja kliniki hana neno, na katika majuma yale kumi na moja alikuwa amefika mahali pa kuita jina la mkewe, kisha kuhesabu, kisha kumkemea fundi mwenzake kwa sentensi nzima. Halafu kiharusi kikampiga mara ya pili, na maneno yote yakaondoka. Mkewe alitaka rekodi, mumewe ajione akisema, ajue kwamba aliwahi kuweza. Mtaalamu alikuwa akizitaka pia, aone ni mlango gani ulifunguka ile mara ya kwanza.

Mtaalamu alimweleza taratibu kwamba hazipo.

"Hata moja?" mama aliuliza.

Dada wa mapokezi akasimama. "Tusamehe, mama. Diski nilikuwa naitunza mimi."

Kebo alisikia bisibisi ikigonga sakafu, akatambua ni yake.

"Si yeye," alisema. "Diski haikuanguka. Nilikuwa naikatisha mimi kabla haijamaliza, halafu naandika kwamba imemaliza. Kila Ijumaa, tangu turudishe meza."

Hakuna aliyempigia kelele, ingawa angependa wampigie. Mke wa seremala alifungua mkoba, akatoa simu yake, akaishika kiganjani kama mtu anayeipima uzito.

"Siku alipoita jina langu nilikuwa nayo hivi mkononi," alisema. "Nilitaka kumrekodi. Nikaambiwa hapana haja, mama, yetu inatosha, inahifadhiwa kila Ijumaa. Nikairudisha mkobani."

Meneja aliifuta barua ya dada wa mapokezi na kumwandikia Kebo ya kwake, nzito zaidi, pamoja na mwezi mmoja nyumbani. Aliporudi, sahihi yake peke yake ilikuwa haitoshi tena. Kila Ijumaa, nakala ikimalizika, lazima afungue rekodi tatu kutoka namba za mwisho, azicheze mbele ya dada wa mapokezi, ndipo dada atie sahihi. Anamwita fundi siku hizi, si Kebo. Chai sasa Kebo anajitilia mwenyewe.

Katika ule mwezi wa kukaa nyumbani alikwenda kwa seremala. Alimkuta uani, kitini, kando ya karakana yake ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa fundi mwenzake, harufu ya mbao mbichi ikiwafikia. Kebo alimwamkia, akachuchumaa mbele yake, akamweleza yote: diski, matundu, drafti, ile "inawezekana". Alimwomba radhi. Seremala alimtazama. Midomo yake ilitafuta kitu, isikipate. Kisha kichwa kikashuka kidogo, kikapanda.

Kebo akageuka haraka. "Mama, amenisamehe?"

Mke wa seremala alikuwa akimfuta mumewe mdomo kwa kitambaa. Alimaliza kwanza.

"Sijui amesema nini, baba. Na wewe hujui. Usimsemee. Maneno yakimrudia atakuambia mwenyewe."

Kebo akasema sawa, akaaga.

Tangu hapo huenda Jumamosi moja moja, hukaa kwenye benchi la karakana na kumshikia fundi mbao anapokata. Seremala ameanza upya na mtaalamu, na mpaka sasa ana maneno manne. Jina la mkewe halijarudi. Maneno hayo manne hayahusiani na Kebo, naye haulizi.