Kioo Kilichopungua Vidole Vinne

Sifa na shukrani ni zake Mungu Baba, aliyetupa macho ya kuonana na akatuvumilia tunapoyatumia vibaya. Miaka niliyo nayo ni yake. Kila asubuhi nikifungua dirisha na kuona migomba bado imesimama na umande wake, namshukuru kwa siku nyingine ambayo sikuistahili.

Mwanangu unayesoma, mjukuu wangu Editha amehamia nyumba ya kupanga huko Ijuganyondo, sebule na vyumba viwili. Wiki iliyopita alinipigia simu. "Babu, kuta zangu tupu kama za zahanati," akasema. "Nimeona mapambo mjini Bukoba, nikauliza bei, nikatoka dukani kimya kimya. Wewe na Bibi mlipambaje?" Nilicheka, nikamwambia nitamjibu kwa barua. Lakini nilipoketi na kalamu kicheko kiliniisha, maana niliukumbuka ukuta wa kwanza nilioupamba.

Nakumbuka siku hiyo ilikuwa Alhamisi, nami ni kijana wa miaka ishirini na minne, mwalimu mpya, nyumbani kwetu Kamachumu. Baba yetu, ambaye kwa Kihaya tulimwita Tata, alikuwa amemaliza kujenga nyumba ya matofali, na sebule ilikuwa imepakwa chokaa siku chache tu zilizopita. Ukuta ulikuwa mweupe, hauna hata msumari. Jumapili baada ya misa ndugu za mchumba wangu Yustina walikuwa waje kuona nyumba, wakiongozwa na shangazi yake, mama aliyejulikana kwa kutazama kila kitu mara mbili. Sikuwa na chochote mfukoni. Nilikuwa na picha moja tu.

Picha hiyo ilipigwa siku ya Kipaimara changu, na mpiga picha aliyekuja na basi kutoka Bukoba. Upande wa kushoto kabisa palikuwa na baiskeli ya Tata imeegemea mgomba, kengele yake inang'aa. Kisha Tata mwenyewe ndani ya koti, kisha mimi na shati jeupe, kisha dada yangu Leokadia. Upande wa kulia kabisa alisimama mama, Mae wetu. Alikuwa jikoni akiwamenyea wageni ndizi, akaitwa wa mwisho, akaja mbio, miguu mitupu. Unajua utomvu wa ndizi unavyofanya. Mikono yake ilikuwa myeusi, vidole na viganja. Mmoja aliuficha nyuma ya kitenge, mwingine aliuweka begani kwa Leokadia, kwa sababu Leokadia alikuwa mdogo na aliogopa kamera.

Nilimpelekea picha fundi seremala. Alikuwa mtu mwema, akanitengenezea fremu ya mbao za sanduku bila kunidai kitu, na kioo akakikata kutoka kwenye dirisha lililovunjika. Alipokiweka juu ya picha, kioo kilipungua upana wa vidole vinne.

"Mwalimu, ngoja wiki moja," akasema. "Nitapata kingine."

"Wageni wanakuja Jumapili."

"Basi watakuta ukuta. Wanakuja kumwoza binti yao kwa ukuta?"

Utani wake haukunichekesha. Nilichukua fremu, kioo na picha, nikarudi nyumbani, nikaomba mkasi wa Leokadia wa kushonea. Mwanangu, sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipokosea, wala sikukosea kwa bahati mbaya. Picha ilikuwa na ncha mbili. Ningeweza kukata kushoto, nikaiondoa baiskeli. Niliitazama ile kengele, nikafikiria macho ya shangazi wa Yustina. Kisha nikaitazama ile mikono. Nikakata kulia.

Ukanda ulioanguka niliuacha sakafuni, katika nyasi kuukuu zilizokuwa zikingoja kufagiliwa ili tutandaze mbichi kwa ajili ya wageni. Nikapiga msumari, nikaining'iniza picha, nikarudi nyuma hatua tatu nikafurahi.

Mae aliingia na ufagio. Alisimama mbele ya picha muda mrefu kidogo kuliko nilivyotaka. Nilijitayarisha kueleza habari ya kioo. Hakuniuliza.

"Baiskeli imetoka vizuri," akasema. Kisha akaanza kufagia.

Jumapili wageni walifika. Tuliwakaribisha juu ya nyasi mbichi, Tata akasema machache, na kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Shangazi alitazama dari, akatazama dirisha, akaifikia picha. Akaisogelea. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Huyu ni baba. Huyu ni bwana harusi wetu, kumbe hata utotoni alipenda kujinyoosha." Watu wakacheka. "Na huyu binti. Sasa mkono huu begani kwake ni wa nani?"

Nikatazama. Sikuwa nimeona. Mkasi wangu ulimwondoa Mae ukaacha vidole vyake vitatu, vyeusi, juu ya gauni jeupe la Leokadia.

Mae alikuwa amesimama mlangoni na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni kabla ya chakula. Tata aliinamisha kichwa.

"Ni wangu, waitu," akasema Mae kwa heshima, akitabasamu. "Nilikuwa na haraka, nikawaachia mkono nikarudi jikoni."

Wakacheka tena, hata shangazi. Mae akampa kahawa kwa mikono miwili. Mimi nikaoa, namshukuru Mungu, na Yustina yuko nami mpaka leo. Lakini sikuomba msamaha siku ile. Nilijiambia nitaomba jioni. Jioni nikajiambia ameshasahau. Miaka ikapita, na jambo usilolisema siku yake huzidi kuwa gumu kulisema.

Tena kuna kitu sikukigundua kwa muda mrefu. Kila ilipopigwa picha nyumbani, ya harusi yangu, ya ubatizo wa watoto wangu, Mae hakuwamo. Tulimwita, naye alijibu kutoka nyuma ya nyumba, kwa sauti ya uchangamfu, "Endeleeni, mimi niko jikoni." Tukadhani ni mzaha wake. Tukaendelea.

Alifariki wakati wa masika, kwa homa ya siku nne. Siku ya maziko vijana wa jumuiya walikuja kwangu kwa adabu, wakaomba picha yake ya kutanguliza mbele ya jeneza. Nilifungua masanduku yote. Nilimtuma mtu kwa ndugu zetu wa Muleba mjini. Hapakuwa na picha. Mama aliyenizaa, aliyeishi miaka yote ile katikati yetu, nami sikuwa na uso wake wa kuwaonyesha watu. Nilikuwa na baiskeli. Nilikuwa na vidole vitatu.

Leokadia alikuwa chumbani akitafuta rozari ya kumwekea mkononi. Alitoka na kitabu cha sala cha Mae, jalada lake limeshonwa kwa uzi. Alikifungua mbele yangu, na pale kwenye sala ya mzazi kwa ajili ya watoto wake, palikuwa na ukanda wa picha wa upana wa vidole vinne. Mae amesimama miguu mitupu, anahema kidogo kwa kukimbia, anatazama kamera. Mkono wake mmoja unaishia pale nilipokata. Siku ile alipofagia, aliuokota.

Mwanangu, nimelia mara nyingi maishani, lakini kilio cha siku ile sijakimaliza.

Nilichukua kipande cha boksi, nikapika gundi ya unga wa muhogo, nikaunganisha vipande viwili. Mkono ukarudi kwa mwenyewe. Lakini kioo kilikuwa kile kile, kimepungua. Tata, aliyekuwa mzee sasa na ile baiskeli imekwisha kwa kutu zamani, aliniomba mkasi. Akaikata baiskeli yote kwa mkono wake, polepole, akaniwekea picha ndani ya fremu. "Ilikuwa inatosha tangu mwanzo," akasema. Ndiyo iliyotangulia mbele ya jeneza.

Mwaka jana niliipeleka mjini Bukoba kutolewa nakala. Kijana wa studio aliniambia, "Mzee, huu mstari wa katikati naufuta kwa kompyuta, hautaonekana kabisa." Nilimwomba auache.

Basi Editha, na wewe mwanangu unayesoma pamoja naye, ukuta mtupu si aibu, wala huhitaji fedha nyingi kuupamba. Omba mabaki ya mbao kwa seremala. Kikapu cha bibi yako kinapendeza ukutani, mkeka uliofumwa nyumbani pia, na tawi la Jumapili ya Matawi juu ya mlango. Toa picha chache zilizolala kwenye simu yako, zichapishwe. Lakini kabla ya kupiga msumari jiulize nani hayumo. Mwite yule aliye jikoni, na akisema muendelee, msiendelee; mfuateni huko huko na mikono yake ilivyo. Kioo kikipungua, kata kitu, usikate mtu. Na kama umeshamkata mtu naye bado yu hai, usingoje jioni kama nilivyongoja mimi. Inuka sasa umwombe msamaha.

Nakala moja nimeifunga ndani ya barua hii, Editha. Itundike mahali mgeni akiingia ataiona, na akikuuliza mstari ule ni wa nini, mwambie.

Mungu mwema aitazame nyumba yako wewe uliyesoma mpaka hapa, awape nafasi ndani yake wote waliokupenda, na siku ya mwisho atukusanye mbele zake tukiwa wazima, asikosekane hata mmoja. Amina.