Kichaka Kilichokufa Katikati

Mtu akitaka suruali yenye mstari ulionyooka, alimpelekea Mzee Mstari. Dobi yule, jamani, alikuwa na mkono! Meza yake ilikaa dirishani katika chumba cha mbele, imetandikwa blanketi lililoungua kona, na pasi yake ya mkaa hakumwachia mtu, hata binti yake wa kumzaa. Maneno alikuwa nayo machache, tena mengi yalihusu kola.

Lakini tangu afiwe na mkewe, kabla ya kuwasha mkaa alitoka kwanza na ndoo. Kando ya njia ya kwenda getini palikuwa na kichaka cha majani marefu membamba, ukipita haraka ungesema ni nyasi tu zimejiotea. Subiri yachanue sasa! Vijiti vya zambarau vinachomoza katikati ya majani, vimejaa maua madogo madogo kama shanga, na nyuki hawabanduki. Marehemu ndiye aliyeyapanda. Zamani hizo alikuwa akiinama pale asubuhi na kuyasemesha: "Na nyie wavivu, mwaka huu mtachanua au mtanitia aibu?" Mzee alimsikia kutoka mezani, akacheka kimoyomoyo, akageuza shati upande wa pili. Raha ya nyumba ile ilikuwa sauti ya mwanamke yule.

Alipofariki, nguo zake waligawana dada zake, vyombo akachukua binti. Kitu pekee cha mkono wake kilichobaki kikiota kilikuwa kile kichaka, na mzee akakishikilia kufa na kupona. Maji asubuhi, maji jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Muuza mboga mmoja aliegesha baiskeli yake pale. Loo, alifukuzwa akaacha hadi kofia!

Na bado kichaka kikazidi kudhoofika. Maua yalipungua kila msimu, kisha katikati pakafa kabisa, pakabaki duara la kijani pembeni na kipara cha kahawia ndani. Mzee akaongeza maji. Usingizi ukampaa. Alijiona anamzika mkewe mara ya pili, na hakujua amkimbilie nani.

Ndipo shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipokuja kumjulia hali. Huyu maneno yake hayakupigwa pasi hata kidogo. Alikitupia kichaka jicho moja tu.

"Shemeji, unayazamisha haya majani. Tena yamebanana, hayana pa kupumulia. Lete jembe tuyang'oe, tuyagawe."

"Tuyang'oe? Una wazimu wewe? Haya aliyapanda dada yako kwa mkono wake!"

"Na kwa mkono huo huo alikuwa anayang'oa kila yakijazana. Anayachana, anatupa yaliyokufa, anapanda upya. Kwani ulidhani yanajikalia tu?"

Kumbe ndivyo mzee alivyodhani. Akamkumbuka mkewe akiingia na tope hadi kwenye viwiko, na yeye akipiga kelele, "Usinikaribie, kuna nguo nyeupe hapa!" Mkewe alicheka, akazungukia mlango wa nyuma. Hata siku moja mzee hakuuliza lile tope limetoka wapi.

Akaenda kuleta jembe. Mikono iliyozoea hariri ya watu ikazama kwenye udongo. Kichaka kilipotoka, mizizi ilikuwa imesokotana, huoni mwanzo wala mwisho. Shemeji akapitisha kisu katikati, akasema, "Shika huku. Haya, vuta!" Huyu akavuta kule, huyu akavuta huku, jasho likawatoka, mpaka mizizi ikaachia kwa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa.

"Lakini hii ni kazi ya watu wawili," mzee alisema akihema. "Yeye alikuwa anavuta na nani?"

"Na bomba." Shemeji alionyesha bomba la maji ukutani. "Anafunga upande mmoja kwa kamba, anavuta mwingine. Nikamwambia, dada, si umwite mumeo? Akasema, mwache, ana mashati ya watu."

Mzee Mstari aliketi palepale kwenye tope na suruali yake iliyonyooka, akalia. Alilia kwa sauti, jambo ambalo hata mazikoni hakulifanya. Shemeji hakumnyamazisha. Aliendelea kuchambua yaliyokufa na kuyaweka kando.

Hatimaye mzee akajifuta uso, akachimba mashimo kando ya njia, akaacha nafasi kati ya moja na jingine kama alivyoelekezwa. Alikuwa amepiga magoti kwenye shimo la mwisho mteja mmoja alipoita getini.

"Mzee Mstari! Shati langu vipi? Nina safari mimi!"

"Bado," alijibu bila kuinuka. "Rudi kesho. Leo namsaidia mke wangu."