Maji ya Bahari Kutoka Noonkopir

Mtaa wa Noonkopir, pale Kitengela, uko mbali na bahari kiasi kwamba ukitaka kuifikia lazima ulale kwenye basi. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa mtaa huo ulikuwa na nahodha wake. Watu walimwita Kapteni. Jina la ubatizo lilikuwa Elphas Wasike, na kazi aliyoandikiwa mwaka 1998 ilikuwa kufua mashuka katika meli ya watalii.

Tusimwonee. Hakuwahi kusema kwa kinywa chake kwamba anaendesha meli. Alisema tu, "Mimi niko kwa meli," kisha akanyamaza, na watu wakajaza wenyewe. Mkewe, Dolphine, alijaza kuliko wote. Alimwita fundi wa rangi akamwandikia CAPTAIN SHOP juu ya kibanda chake cha mboga, na chini yake akachorewa nanga iliyofanana na jembe. Kuanzia hapo ukweli ulikosa pa kupitia.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Chumba cha dobi kilikuwa tumboni mwa meli, chini kabisa, na hakikuwa na dirisha. Meli ikiwa safarini, Elphas alifua. Meli ikitia nanga na abiria wakashuka kwenda kuota jua, ndipo mashuka yote yalipoteremshwa kwa mkupuo, na Elphas akafua zaidi. Alikuwa amepita Barcelona, Aleksandria na bandari nyingine nyingi, ambazo alizitaja vizuri sana akiwa likizoni, lakini zote alizijua kwa mchanga ulionasa kwenye taulo. Bahari aliiona akipanda meli na akiteremka. Kuigusa, hapana.

Sasa, mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Elphas, alikuwa na ugonjwa wa magoti. Alikuwa ametoka Bungoma kuja kukaa na mwanawe, na mwenzake mmoja wa kanisani akamwambia kwamba maji ya bahari hufukuza maumivu ya viungo. Siku Elphas alipoondoka mara ya kwanza, mama hakuomba saa wala kitambaa cha gauni.

"Baba," alimwambia, maana ndivyo alivyomwita mwanawe, "mimi uniletee tu maji ya bahari. Hata chupa moja."

Elphas akaapa. Akaenda, akafua miezi mingi, akasahau. Alikumbuka siku ya kurudi, gari likiwa limeshafika Athi River na vumbi la saruji limeanza kumkaribisha nyumbani. Mtu mwingine angekiri. Nahodha hakiri. Alishuka kabla ya kufika, akatafuta chupa tupu, akaijaza maji ya kisima, ambayo pale Kitengela huwa na chumvi hata kabla ya mtu kuanza kudanganya, akaongeza chumvi ya jikoni. Akaonja. Akaona bado. Bahari, aliwaza, haiwezi kuwa na ladha ya mchuzi uliokosewa; lazima iwe na ukali fulani wa kigeni. Basi akanunua magadi, yale yale ya kulainishia mboga, akatia kijiko kizima, akatikisa mpaka maji yakawa na ukungu na kuteleza vidoleni. Hapo akaridhika na bahari yake.

Mama aliipokea chupa kwa mikono miwili. Kila jioni likizo ile yote Elphas mwenyewe alimpaka magotini, akisugua taratibu kwa aibu ambayo watu waliidhania kuwa upendo, na pengine hawakukosea sana. Kabla likizo haijaisha mama alikuwa anakwenda kanisani bila fimbo. Habari zikaenea. Kuanzia hapo kila likizo ilidai chupa, na kila chupa ikadai kuwa kubwa kuliko iliyotangulia.

Mwenye nyumba yao, mzee Kakuta, Mmaasai mfugaji, naye aligawiwa kidogo kwa heshima, kwa ajili ya mguu wake mbovu. Kakuta hakujipaka. Aliyamimina kwenye karai mbele ya mbuzi, na mbuzi wakapigana pembe mpaka karai likatoboka.

"Ero," alimwambia Elphas kesho yake, kama Wamaasai wanavyomwita kijana, "hiyo bahari yako ni tamu. Mbuzi wananiuliza iko wapi."

Mambo yangeweza kuendelea hivyo hadi uzeeni, lau meli isingeamua kupita Mombasa. Ilikuwa mwezi wa pili mwaka 2004. Msimamizi wa dobi, kwa huruma ambayo hakujua madhara yake, aliwapa Wakenya, siku chache kabla ya kufika, ruhusa ya kushuka asubuhi na kurudi kabla ya saa kumi. Atakayechelewa ataachwa, na kazi itakuwa imemwisha. Elphas kwa furaha akapiga simu nyumbani kabla ya kufikiri. Alipokuja kufikiri, Mama alikuwa ameshafua leso zake na Kakuta ameshakata tiketi ya basi.

Ndipo jasho likamtoka. Watu wawili walioijua bahari ya Noonkopir kuliko wote duniani walikuwa njiani kuja kuionja ile nyingine.

Aliwakuta nje ya lango la bandari. Mama alikuwa amevaa viatu vya Jumapili. Kakuta alikuwa na shuka lake jekundu na mtungi mtupu wa plastiki, ule wa mafuta ya kupikia.

"Supa, Kapteni," Kakuta alimsalimia kwa Kimaasai. "Mbuzi wanakusalimia."

"Baba, twende," Mama alisema. "Hii magoti iko tayari."

Abiria wa meli walikuwa wakipandishwa kwenye magari yenye baridi, kila mmoja na kofia yake. Teksi nazo zilijipanga. Elphas alizikataa zote. "Mabaharia wa ukweli," alitangaza, "wanatumia gari ya wananchi." Moyoni alijua kwamba teksi ingewafikisha mapema mno. Matumaini yake yote alikuwa ameyaweka kwenye kuchelewa: wazunguke, wapotee kidogo, saa iseme haiwezekani, mama arudi Kitengela na imani yake na yeye arudi melini na jina lake. Si mpango wa kujivunia, lakini ndio aliokuwa nao.

Stendini makanga mmoja aliwapokea vizuri. "Haya, wazee, mwaenda wapi?"

"Beach," Elphas alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea.

"Beach ipi? Zipo nyingi."

Elphas akafikiri. "Hiyo kubwa."

"Kubwa yote ni bahari moja tu, bwana wangu."

Kabla aibu haijakamilika, wakaja mzee wa Kizungu na mkewe, wamevaa kadi za meli ya Elphas shingoni. Mzee alikuwa ameshika kijitabu cha safari. Akamtajia makanga jina la kituo, akauliza upande wa kivuli, akakaa pale alipoambiwa, tena kwa Kiswahili cha kujifunza usiku mmoja. Hawakumjua Elphas. Nani humjua anayefua mashuka yake?

"Tunaenda na hao," Elphas akamnong'oneza makanga. Kisha akamgeukia mama yake: "Hao ni wageni wangu. Wacha nisiwaache peke yao."

Zilikuwa zile wiki za sheria mpya za magari ya abiria, kila abiria na kiti chake na kila kiti na mkanda. Kakuta aliufunga wake na hakuweza tena kuufungua. "Hata ng'ombe hatufungi hivi kama hatuchinji," alilalamika. Yule bibi wa Kizungu akainama akamfungulia. Hapo heshima ya Kitengela ilikuwa imebebwa na wageni kutoka mbele hadi nyuma, na nahodha wetu akitazama nje ya dirisha kama mwenye gari.

Walipovuka daraja la Nyali wale Wazungu walishuka. Elphas naye akasimama haraka, akawashusha watu wake. Mbele yao hapakuwa na bahari. Palikuwa na supamaketi.

"Hapa ndio wapi?" Mama aliuliza.

"Lazima tupitie hapa kwanza," Elphas alisema. "Ndiyo kawaida."

Basi wakaandamana, Wazungu wawili mbele na watu watatu wa Noonkopir nyuma, kati ya rafu za sabuni na mafriji ya maziwa. Mzungu akijaribu kofia, nao wakasimama. Bibi akinusa mafuta ya kuzuia jua, nao wakangoja. Kwenye rafu ya viungo Kakuta alibaki nyuma. Alichukua pakiti ndogo ya magadi, akaisoma picha yake, akamtazama Elphas kwa muda, akairudisha polepole. Elphas akajifanya anatafuta majani ya chai.

Mwishowe wale wazee wakaketi kunywa kahawa. Elphas akatazama saa ukutani na nusura acheke. Kahawa ya Kizungu hainywewi kwa haraka. Bado kidogo tu na angeweza kusema kwa masikitiko, "Muda umetutupa."

Akageuka kumtafuta mama yake. Alimkuta amekaa kwenye kreti ya soda karibu na mlango, miguu mitupu juu ya sakafu ile inayong'aa. Viatu vya Jumapili alikuwa amevifunga kwenye leso na kuviweka mapajani. Mlinzi alikuwa akimtazama asijue kama amfukuze au amwamkie.

"Mama, mbona umevua?"

"Nimevua mapema, baba. Nisije nikakuchelewesha huko. Tukifika mimi naingia tu."

Elphas aliona aibu, na safari hii hakuna mtu ambaye angeidhania kuwa kitu kingine. Alimtazama mama yake, akatazama Wazungu na vikombe vyao, kisha akamwendea yule mlinzi na kusema jambo ambalo nahodha hajawahi kusema: "Boss, mimi sijui hii Mombasa. Bahari iko wapi?"

Mlinzi akamwelekeza kama mtoto wa shule: gari linalofuata, mshuke kwenye ule msikiti mweupe, mfuate njia kati ya kuta mbili za hoteli, mtaisikia. Wakafanya hivyo. Wageni wake waliachwa na kahawa yao.

Wakaisikia kwanza, kisha wakaiona. Elphas alitangulia kwenye mchanga kwa hatua za bosi. Wimbi likaja bila kumwuliza cheo chake, likajaa kwenye viatu vyake vilivyong'arishwa, naye akaruka na kupiga kelele ya kumwita mama kwa lugha ya kwao, "Mayi wee!" Watoto waliokuwa wakiogelea walicheka mpaka wakameza maji.

Mama yeye aliinua gauni, akamshika Kakuta mkono, akaingia hadi magoti. Alisimama pale amefumba macho, akiomba au akisikiliza tu.

Kakuta aliteka kiganjani, akaonja, akatema mbali.

"Ero! Hii mbuzi haiwezi. Hii si ile."

"Mzee, bahari ni nyingi," Elphas alianza. "Hii ni ya Hindi. Ile nilikuwa naleta ni ya upande ya Ulaya, huko maji iko na..."

"Iko na magadi," Mama alisema.

Hakuwa amefungua macho. Kakuta, ambaye ni mtu mwenye adabu zake, aliondoka kwenda kujaza mtungi wake mbali kidogo, ingawa alikuwa ameshasema maji hayo hayafai.

"Mimi nimepika mboga ya mrenda tangu niolewe, baba. Nitakosa kujua magadi? Hiyo chupa ya tatu nilipikia kunde. Ikaiva haraka sana."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikuwa naona huko unafanya kazi hawakuruhusu hata kugusa maji. Mtu ameonja bahari hawezi kuitengeneza vile ulitengeneza." Akafungua macho, akamtazama mwanawe aliyesimama na viatu majini. "Nikasema, siku moja hiyo meli ikipita karibu, nitakupeleka uione."

"Na magoti?"

"Magoti ilipona. Si ni wewe ulikuwa unapaka?"

Elphas alilia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya wauza madafu. Kisha akavua viatu, akakunja suruali, akaingia akasimama kando ya mama yake, akaonja. Ilikuwa chumvi tu. Miaka yote ile alikuwa amehangaika bure na kijiko.

Saa ikawakumbusha. Kabla ya kuondoka Mama alitoa kwenye leso yake chupa moja ya zile za zamani, aliyokuwa ameiosha, akaijaza, akaifunga vizuri, akampa Elphas.

"Nenda nayo wewe. Ukae nayo huko kwa meli."

Alifika langoni kabla ya saa kumi, amebana chupa kwapani. Mlinzi wa melini aliishika, akaigeuza, akauliza ni nini. "Maji ya bahari," Elphas akasema. Mlinzi akaitazama chupa, akatazama maji yote yaliyoizunguka meli, akamtazama tena usoni, akampisha.

Chini kwenye dobi mashuka yalikuwa yameshafika darini. Elphas akaiweka chupa juu ya mashine, akachukua taulo la kwanza na kujifuta miguu. Mchanga ukabaki kwenye taulo, akautazama muda mrefu kabla ya kulitupa na mengine. Bandari zote alikuwa amezijua kwa mchanga wa watu. Huu ulikuwa wake.